Wikiendi ya mbio na timu ya watu wanne: pedali ya breki ilizama, kosa la nani?

#1 Namba41 (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Nimerudi juzi kutoka saketi, mikono bado inanuka petroli, na nina swali moja linaloninyima usingizi. Nikiuliza swali tupu mtanirudisha nikaeleze vizuri, kwa hiyo naanza mwanzo. Mwenye haraka aruke hadi Jumapili.

Timu yetu ni watu wanne na gari moja. Mimi na mwenzangu tunapokezana usukani. Kuna fundi, ambaye kazi yake ya siku zote haihusiani na magari hata kidogo, na kuna dada anayeshika saa, petroli na daftari. Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazochomoza, injini ya lita 1.6. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na takriban nguvu farasi 115, leo sijui zimebaki ngapi. Lakini ni nyepesi na inasamehe, na kwa sisi tunaojifunza hilo ndilo la maana.

Msimu huu tulifanya mabadiliko makubwa mamoja: tulitoa kaliper za breki za mbele za kiwandani, yaani vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski, tukafunga nyingine za pistoni nne, zimetumika lakini safi. Nilijivunia sana. Kumbukeni hapo, maana nahisi ndipo balaa lilipoanzia, ingawa sina ushahidi.

Ijumaa ilikuwa mazoezi, vipindi vitatu vya dakika 20. Niliendesha mimi viwili. Hakuna cha kusimulia sana, zaidi ya tairi: tulianza na upepo wa PSI 26 zikiwa baridi, gari likirudi tunakuta 33. Fundi akachoma kipimajoto cha sindano kwenye mpira wa tairi ya mbele kushoto: upande wa nje nyuzi 96, katikati 82, ndani 79. Tukailalisha tairi kwa ndani zaidi, kutoka digrii moja na nusu hadi mbili na nusu. Kipindi cha tatu gari likawa linaingia kona kama limeelekezwa kwa kidole. Breki hazikuwa na neno.

Jumamosi asubuhi mwenzangu ndiye aliyeingia kusaka nafasi ya kuanzia mbio. Huyu bwana ana kasi kuliko mimi, sitaki kudanganya. Anatumia barabara yote na kingo zake, yale matuta ya zege yaliyopakwa rangi anayapanda kama ngazi. Magari 27, akapata nafasi ya 11. Mimi ningepata ya 19 nikijitahidi sana.

Mbio ya kwanza, dakika 25. Mzunguko wa nne akasema redioni: "Pedali imeenda chini kona ya 7." Nikamwambia apampu. Akapampu mara mbili ikarudi. Mizunguko miwili baadaye, vilevile. Halafu akapanda ukingo mmoja kwa nguvu, ekzosi ikakatika kwenye kishikio ikaanza kuburuta. Wakamwonyesha bendera nyeusi yenye duara la chungwa na namba yetu. Hakuiona. Mzunguko wa pili wakamwonyesha tena. Hakuiona. Dada wa saa ndiye aliyepiga kelele redioni. Aliingia piti, tukaifunga ekzosi kwa waya, tukamaliza wa 24.

Usiku tukagombana, na sijivunii hilo. Nilimwambia mwenzangu kwamba breki hazina shida, shida ni yeye, anaziunguza na anapanda kingo hovyo. Yeye akasema pedali ni pedali, haijui nani kaikanyaga. Fundi akatutazama, akachukua jeki. Tukabadilisha mafuta yote ya breki na pedi za mbele, tukatoa hewa magurudumu yote manne, mara mbili. Tukamaliza saa sita usiku. Pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Jumapili, mbio ya pili, zamu yangu. Mizunguko mitano safi kabisa, nikasema moyoni: si nilisema? Wa sita nikawa nyuma ya gari moja jekundu, nikaona nikitaka kumpita lazima nipite kona ya 6 kama anavyopita mwenzangu, juu ya ukingo. Nikapanda. Kona ya 6 ni ya kulia, ya kasi, halafu kuna kipande kifupi kilichonyooka, kisha breki nzito ya kona ya 7. Nikakanyaga. Mguu ukaenda chini kama nimekanyaga godoro. Nikakanyaga tena, breki zikashika, lakini barabara ilishaisha. Nikaishia kwenye kokoto mpaka ekseli. Mimi mzima, gari zima, heshima ndiyo imepotea.

Sasa wakuu: mafuta mapya, pedi mpya, hewa imetolewa. Fundi anahisi masta silinda, ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki, mimi nahisi hizi kaliper. Kabla sijanunua kitu, nyie mnasemaje?

#2 Mgeni_Padoki

Naweka kambi hapa. Bila picha ya gari kwenye kokoto lakini uzi haujanoga mkuu.

#3 Kona_Pofu

Pole sana mkuu, afadhali hukuumia. Mimi kura yangu ni mafuta ya breki kuchemka. Watu hawaelewi joto linalozalishwa pale. Chukua gari la tani moja na dereva ndani yake, lipunguze kutoka kilomita 150 kwa saa hadi 80. Nishati uliyoitupa inatosha kupasha karibu lita mbili za maji kutoka nyuzi 20 hadi yachemke. Umeitupa kwa sekunde mbili na nusu, ndani ya diski na pedi. Dakika moja baadaye unafanya tena.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi. Ndiyo maana mguu unaenda chini. Mliweka mafuta gani usiku ule?

#4 Namba41

Mkuu tuliweka yale ya mbio, yanayozidi nyuzi 300, chupa tulifungua palepale. Ya zamani yalitoka meusi, nakiri, tulikuwa wazembe. Ndiyo maana Jumapili nilikuwa na uhakika tumemaliza kazi.

#5 BenderaYaBluu

Nimesimama vibanda vya bendera misimu mingi, naomba niongelee kipande changu.

Kijana wenu kutoiona ile bendera si ajabu. Bendera nyeusi yenye duara la chungwa ina duara la sentimita 40, inaonyeshwa pamoja na namba ya gari, na maana yake gari lako lina hitilafu inayoweza kukudhuru wewe au wengine, ingia piti. Haina uhusiano na kosa la udereva. Madereva wapya wanaikosa kwa sababu macho yao yako mita ishirini mbele ya boneti. Dereva aliyekomaa anavisoma vibanda kila mzunguko kama mtu anavyosoma vioo, hata gari likiwa linamsumbua. Na lenu lilikuwa linamsumbua.

Ekzosi inayoburuta mnaiona jambo dogo. Ikianguka kwenye mstari wa mbio, mwenye pikipiki au gari la wazi anayekuja nyuma hataiona ndogo. Mlikuwa na bahati hamkupewa nyeusi tupu, maana ukipuuza ya chungwa inayofuata ni hiyo, na hiyo unakwenda kujieleza.

#6 Mgeni_Padoki

Shikamoo mzee wa bendera. Na nyeupe si ndiyo ya mzunguko wa mwisho?

#7 BenderaYaBluu

Marahaba. Inategemea uko chini ya kanuni zipi. Umeangalia NASCAR wewe, zile mbio za Marekani, kule ndiyo, nyeupe ni mzunguko wa mwisho. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, nyeupe inasema mbele yako kuna gari linalokwenda polepole sana, labda la kuvuta au la wagonjwa. Mtu akiichanganya hiyo anakanyaga mafuta mahali anapotakiwa kutoa mguu. Soma kitabu cha kanuni za mbio unazoingia, usijifunze bendera kwenye runinga.

#8 Spana_Kumi

Namba41, kabla watu hawajakumalizia pesa, nijibu maswali matatu. Jibu unachokumbuka, usijibu unachodhani.

Moja: pedali ilipozama, ilikuwa laini na yenye kudunda, au ilikwenda tupu kisha ikawa ngumu kabisa kwenye mkanyago wa pili?

Mbili: ilizama kona ya 7 tu, au na kwingine? Kwenye saketi hiyo kona ya 7 ndiyo yenye breki nzito kuliko zote?

Tatu: ile mizunguko ambayo mwenzako alilalamika, alipanda ukingo wa kona ya 6 au hakupanda?

#9 Namba41

Mkuu umenifanya nimpigie dada wa saa afungue daftari. Majibu:

Moja, ilikwenda tupu. Mkanyago wa pili ilikuwa ngumu kama kawaida, hakuna kudunda wala ulaini.

Mbili, kona ya 7 tu, mara zote tatu. Na hapana, breki nzito kuliko zote ni kona ya 1, mwisho wa kipande kirefu. Kona ya 1 haijawahi kutusumbua hata siku moja.

Tatu, hapa ndipo nilipokaa chini. Huyu dada huwa anaandika kila kinachosemwa redioni na namba ya mzunguko. Jumamosi mzunguko wa nne ameandika: "kampita mtu K6 juu ya ukingo, pedali." Mzunguko wa sita: "K6 ukingo tena, pedali." Mizunguko mingine mwenzangu alikuwa nyuma ya msururu, hakuwa na nafasi ya kwenda huko nje. Wangu nishausema. Kusaka nafasi alipanda mara nyingi, lakini anasema alikuwa peke yake na ana tabia ya kugusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto kabla ya kona, hivyo hakuona kitu.

Ina maana gani?

#10 Pesa_Moto

Siku tatu, watu wanne, mmekimbia kwa jumla saa mbili na dakika kumi halafu mmemaliza wa 24 na kokotoni. Si mngenunua usukani wa kompyuta mkakimbia sebuleni? Kokoto za kwenye kompyuta hazikwaruzi rangi.

#11 Kona_Pofu

Mkuu, kompyuta nzuri sana, mimi mwenyewe naitumia kujifunza saketi ambayo sijawahi kufika. Nikifika nazijua kona kwa majina. Lakini kwenye kompyuta hakuna fundi anayekutazama saa tano usiku akiwa ameshika jeki. Kuna watu wanaokwenda kwa ajili ya hilo.

Narudi kwa mleta uzi. Majibu yako yananiharibia hoja. Mafuta yangechemka yangeanzia kona ya 1. Labda masta silinda basi?

#12 Spana_Kumi

Sio masta silinda. Masta ikichoka haichagui kona. Ipime hivi: gari limesimama, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani, shikilia nusu dakika. Ikizama polepole chini ya mguu, mpira wa ndani unavuja. Isipozama, iache masta ilale.

Ninavyoona mimi, pedi zenu zinasukumwa nyuma. Fuata hii taratibu.

Breki ya diski haina springi kubwa ya kurudisha pedi. Ukiachia pedali, pedi zinabaki zimekaribiana na diski, nafasi ni ndogo mno, chini ya unene wa karatasi kadhaa. Ndiyo maana kwa kawaida pedali inashika juu. Sasa diski imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na habu inazunguka kwenye beringi. Beringi ikiwa na mchezo, yaani imelegea kidogo, ukiingia kona ya kulia kwa kasi uzito wote unahamia kushoto mbele, gurudumu linainama kidogo, na diski inainama nalo. Ongeza pigo la ukingo. Diski inakwenda kama sahani inayoyumba, inazipiga pedi, pedi zinasukuma pistoni zirudi ndani ya kaliper. Ukitoka kona diski inanyooka, lakini pistoni zimebaki nyuma. Mkanyago wako wa kwanza wote unatumika kuzirudisha mbele. Mkanyago wa pili ndio breki.

Sasa turudi kwenye hizo kaliper ulizojivunia. Ya kiwandani kwenye gari lako ni ya kuelea: pistoni upande mmoja, na mwili wa kaliper unateleza kwenye pini. Diski ikiyumba, kaliper nzima inateleza nayo, pistoni hazisukumwi sana. Hizo za pistoni nne zimekazwa hapohapo, pistoni pande zote mbili, hazina pa kukimbilia. Beringi yako inawezekana imekuwa na mchezo tangu msimu uliopita, kaliper ya zamani ikakufichia.

Ijumaa hukuiona kwa sababu wewe hupandi kingo. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Kesho inua gurudumu la mbele kushoto. Shika juu na chini, yaani saa 12 na saa 6, litikise. Likiwa na mchezo, mwambie mtu akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi. Ukibaki, tafuta bolijointi au kitu kingine kwenye miguu ya gari.

#13 Kona_Pofu

Nimevua kofia. Nilikuwa nimeshika jawabu kabla ya kuuliza swali.

Nyongeza kidogo: ule mguso wa mguu wa kushoto wa mwenzake ndio dawa ya zamani ya ugonjwa huu. Unagusa pedali kidogo kwenye kipande kilichonyooka, pedi zinarudi mahali pake, ukifika kona kila kitu kipo. Jamaa alikuwa anautibu bila kujua anaumwa. Kwenye mbio aliusahau kwa sababu alikuwa anapigana na watu.

#14 Mgeni_Padoki

Wakuu mimi nataka kuanza mwakani, gari ninalo la kawaida. Ninunue nini kwanza? Nilikuwa nafikiria turbo.

#15 BenderaYaBluu

Turbo iweke kabatini. Nunua helmeti na kifaa cha kushika shingo.

Helmeti angalia alama ya Snell, shirika linalopima helmeti, iliyoandikwa SA, kwa mfano SA2020. Yenye M ni ya pikipiki. Ya SA inapimwa pia kwa moto, na inapimwa kwa kugongwa kwenye umbo la bomba kama zile nguzo za ndani ya gari la mbio. Ya pikipiki haipimwi hivyo, kwa sababu mwendesha pikipiki hakai ndani ya bomba.

Cha shingo kinachojulikana zaidi ni HANS. Alikibuni Robert Hubbard, mhandisi wa mambo ya mwili wa binadamu, pamoja na shemeji yake dereva, Jim Downing, miaka ya 1980. Kwa miaka mingi madereva walikikwepa, wakasema kinabana. Februari 2001 Dale Earnhardt, dereva wa NASCAR, akafariki kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, amevunjika kitako cha fuvu. Kifaa hiki kazi yake ni hiyo: mikanda ikishika mwili, kichwa kisiendelee mbele. Mwaka huohuo NASCAR ikalazimisha vifaa vya kushika kichwa, na Formula 1 ikalazimisha HANS mwaka 2003. Siku hizi sehemu nyingi hawakuruhusu kushindana bila hicho, hata ukiwa na gari la nguvu farasi 100.

Baada ya hapo nunua tairi, pedi za breki, na petroli ya kufanyia mazoezi. Ukishachoka kuwa mwepesi kwenye kona, turbo tutaiongelea.

#16 Spana_Kumi

Na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, dogo. Nati za magurudumu unazipima kila gari likirudi, si asubuhi tu. Halafu gari likirudi la moto usivute breki ya mkono: pedi zinang'ang'ania diski sehemu moja inayobaki na joto, na hiyo sehemu utaisikia kwenye pedali wiki nzima. Weka kigingi cha gurudumu.

Namba41 uko wapi? Umeinua gurudumu?

#17 Pesa_Moto

Nimesoma uzi wote nilikuja kucheka. Sasa na mimi nasubiri gurudumu.

#18 Namba41

Samahanini kwa kuchelewa, kokoto zilikuwa zimejaa mpaka ndani ya vizingiti vya milango, tumezitoa kwa brashi jioni nzima.

Masta tumeipima kama mkuu alivyosema. Nimekanyaga nusu dakika, haikushuka hata kidogo.

Halafu tukainua mbele kulia kwanza, ili tuwe na cha kulinganisha. Saa 12 na saa 6, kimya. Tukahamia kushoto. Fundi akashika, akatikisa, akanitazama. Nikasikia kwa sikio: tok, tok. Nikaingia ndani nikakanyaga breki, akatikisa tena, kimya kabisa. Nikaachia, tok tok. Tumerudia kama mara sita, si kwa sababu hatukuamini, ni kwa sababu kila mtu alitaka kutikisa mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni mdogo jamani. Ukilizungusha gurudumu kwa mkono halilalamiki, na barabarani usingejua mwaka mzima. Fundi amehuzunika kidogo, anasema tulilitikisa mwanzoni mwa msimu. Nikamuuliza tulilitikisa vipi, akasema saa 3 na saa 9, yaani pembeni. Hapo unapima usukani. Hakuna aliyemlaumu, maana mimi nilikuwepo na sikujua tofauti.

Kwenye gari hili habu na beringi vimefungwa pamoja, unabadilisha kitu kizima. Nimeagiza mbili, kushoto na kulia, ili tusiulizane tena. Kaliper za pistoni nne zinabaki, ila dada wa saa ameongeza mstari kwenye karatasi ya ukaguzi wa Ijumaa: "magurudumu ya mbele, 12 na 6, na breki ikiwa imekanyagwa." Ameupigia mstari chini mara mbili, akanipa kalamu nisaini.

#19 Kona_Pofu

Safi sana. Na yule mwenzako wa kupanda kingo, mmepatana?

#20 Namba41

Nimempigia jana usiku. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa hotuba, maana nilimsema vibaya mbele za watu. Nikamsomea jibu la Spana_Kumi lote, mpaka pale kwenye "wewe hupandi kingo".

Akaniambia nirudie sentensi hiyo.

Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, mkewe asikie. Amesema mbio zijazo mimi ndiye nitakayeingia kusaka nafasi, na yeye atakaa na saa na daftari aandike kila kona niliyoiogopa, kwa namba.

#21 Spana_Kumi

Nati ya habu mpya usiikaze kwa kukisia. Tafuta kipimo cha kiwandani, na nati yenyewe weka mpya, ile ya zamani imeshapondwa shingo.

#22 Mgeni_Padoki

Picha ya kokoto bado sijaiona mkuu.